Ukuta wa Chekechea

Neno lilikuwa limerudi tena. HATUONDOKI, ukuta mzima, kwa herufi nene za mviringo zilizovimba kama mapovu ya sabuni, za waridi na manjano, kila moja na kidoa cheupe cha mng'aro begani.

"Mara ya tisa!" msimamizi alifoka, akaupiga teke mlango wa gari. "Tena kwa maandishi ya pipi! Afadhali wangetutukana."

Fundi rangi wa manispaa, ambaye wenzake walimwita Chokaa, alishusha ndoo ya rangi ya kijivu, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kukwangua.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na shule ya chekechea: madarasa mawili na bembea moja. Ilitakiwa ibomolewe, pawe maegesho ya magari. Siku ilipobandikwa notisi, kesho yake herufi zikachomoza. Wapita njia walisimama wakacheka, wakapiga picha, na picha zikawafikia wakubwa. Ubomoaji ulikuwa umeahirishwa mara mbili sasa. Nani anataka kuonekana akiliangusha neno lenye sura ya keki?

"Ni wahuni wa mtaani," msimamizi alisema. "Nikimtia mmoja mkononi, atalala ndani. Na wewe, nikisikia unawajua, kazi huna."

"Wahuni siwajui, bosi," alisema Chokaa, na kweli hakuwajua.

"Basi pitisha rangi chapuchapu, twende."

"Chapuchapu ndiyo iliyotufikisha mara ya tisa. Niache niifanye kazi."

Msimamizi alimkodolea macho, kisha akarudi garini akinung'unika. Chokaa alikwangua, akaziba nyufa, akapiga msasa hadi ukuta ukawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Akapaka. Akangoja rangi ikauke, jua likimchoma kisogo, akapaka tena. Watoto walimchungulia kwenye upenyo wa geti.

"Wewe mbaya!" mmoja alimpigia kelele.

Neno lile lilimwingia. Alilimeza, akaendelea.

Alipomaliza, msimamizi aliupapasa ukuta, hasira zikamshuka. "Ningekuwa na watatu kama wewe, mji huu ungeng'aa."

"Asante, bosi."

Saa kumi alasiri Chokaa alifika kwake, mgongo ukiwaka moto. Mama yake, mwalimu mstaafu, alikuwa kibarazani amenyoosha goti lake bovu juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Leo umepaka mara ngapi?"

"Mara mbili. Na msasa nimepiga."

"Hapo sawa," mama alisema, akitikisa kopo la rangi ya waridi. "Jana uliniachia vinundu, tumbo la O likanipinda."