Gitaa Lililoachwa Mkono

Haya mjukuu wangu, nitegulie kitendawili hiki: mkono umetoka kwenye nyuzi, gitaa bado linaimba. Umeshindwa? Basi sikiliza.

Harusini, mpiga gitaa Chande alikanyaga kisanduku chake cha kubadili sauti za gitaa, kile kinachonasa mapigo na kuyarudia. Bi Mwatumu, mama wa bibi harusi, akaja kumtuza kanga. Chande akajisahau, akainua mikono yote miwili kuipokea. Gitaa likaendelea kulia, tamu vilevile.

“Kumbe hupigi wewe, baba,” akasema Bi Mwatumu. “Nani anapiga?”

Watu wakaangua kicheko. Chande akainamia kanga ile, uso ukimwaka kwa aibu, akakizima kisanduku kwa kidole cha mguu.

“Mpiga gitaa mwenzangu, Shekue, mama,” akasema. “Nilimnasa mazoezini. Sikumwambia kama leo kuna harusi.”