Nani Anaongezea?

Nyumbani kwa Mzee Mbonea, kama katika kila nyumba siku hizi, tatizo lilipotajwa tu mshauri wa ukutani, mashine ya akili bandia, alitoa jibu kabla mtu hajafumbua kinywa. Asubuhi hiyo kabati la marehemu mkewe lilikataa kutoka mlangoni.

"Likatwe vipande viwili," mshauri alisema, na mjukuu Elinaza akaufuata msumeno.

Mzee akamzima mshauri. Aliikumbuka siku kabati lilipoingia. Mkewe alisema dirisha liondolewe. Shemeji akadakia, "Naongezea, tupange matofali chini yake". Naye Mbonea akaongezea kamba. Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba: marufuku kusema haiwezekani kabla wote hawajaongezea.

"Bibi yenu alianza na dirisha," alisema, amesimama wima kama mwalimu wa zamu. "Haya, nani anaongezea?"

"Babu nawe!" Elinaza alicheka, msumeno mkononi. "Jibu si tumeshapewa?"

"Sikukuuliza jibu."

Dada wa Elinaza, Nakijwa, alimhurumia babu. "Naongezea..." alianza, na uso wa mzee ukachangamka.

Kisha binti akauinulia macho ukuta uliozimwa, akasubiri umalizie.