Ukuta Usiokauka

Wanyama wa bonde moja walikuwa na mahandaki ya shirika: kila mwenye kucha aliruhusiwa kuchimba, na kila mwenye shida kuingia. Kakakuona ndiye aliyechora njia za mahandaki hayo kwenye ukuta wa udongo mlangoni, mgeni asipotee. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mhanga, mchimbaji hodari kuliko wote, akichimba hata shubiri moja ndani, Kakakuona alifuta ukuta wote, akaukandika upya na kuanza tena. Siku nyingine alifuta mara tano.

Hakuona mtu akija kusoma. Alikula peke yake, akajiambia, "Labda mchoro haujawa sahihi." Akazidi kufuta.

Siku moja mwiba ukamchoma mkononi, akalala siku nne bila kugusa udongo. Ukuta ukakauka. Alipotoka, aliwakuta Mama Digidigi na mwanawe wakiusoma.

"Leo mmekuja!" alisema.

"Sisi huja kila siku, mzee," Mama Digidigi alijibu. "Tunakuta tope. Tunapiga hodi, nawe umetupa kisogo, unafuta. Mwezi uliopita fisi alitukimbiza, mume wangu akaingia kwa kubahatisha. Hakutoka."

 Tangu hapo Kakakuona akawa anachora upya mara moja tu, kila mwezi unapoandama. Siku nyingine zote huketi mlangoni akiwatazama wanaokuja, nao ni wengi. Mama Digidigi naye hupita. Humwamkia shikamoo, husoma njia yake, lakini hajawahi kuketi.