Kasuku na Ubao wa Shambani

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakienda shule, Pimbi na Kasuku walisoma Kiingereza darasa moja kwa Mwalimu Korongo. Kasuku alishika upesi majina ya vitu vyote. Pimbi alikuwa mzito; alichoambulia ni vitenzi tu, tena kwa taabu.

Miaka ikapita, Mwalimu akafariki, shule ikaota nyasi. Siku moja wawili hao wakakuta lundo la mahindi shambani, na ubao ulioandikwa: "This maize kills birds."

"Maize ni mahindi, birds ni ndege," Kasuku akasoma kwa maringo. "Mahindi ya ndege. Nimewekewa mimi haya, rafiki yangu."

Pimbi akaitazama sentensi ile polepole, akaikumbuka sauti ya Mwalimu akiuliza, kila asubuhi, kitenzi kiko wapi.

"Usile, Kasuku. Hapo katikati pana kills. Mahindi haya yanaua."

Kasuku akaitema punje iliyokuwa tayari mdomoni.

"Somo hilo Mwalimu alifundisha lini?"

"Siku ile ulipokuwa ukiwachekesha wenzako kwa kuwa sina mkia."

"Laiti angekuwepo," Kasuku akasema, "ningemwomba alirudie."

Pimbi naye alimkumbuka Mwalimu. Akaokota kijiti, akalainisha mchanga, akaandika sentensi fupi ya Kiingereza, akauliza kitenzi kiko wapi. Kasuku akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza hakukimbilia kujibu.