Mafuta ya Shea

"We bibi, nani kakuruhusu umkande huyu?" nilimfokea, nikampokonya kopo la mafuta ya shea.

Afriyie, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku nne zilizopita. Sasa alihema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Nilimkalisha wima, nikamfungulia oksijeni, nikapiga kelele daktari aitwe.

Kisha nikafunua shuka. Mguu wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa umevimba kama kiazi kikuu, unang'aa mafuta.

"Damu imeganda humu," nikamwambia bibi. "Ukiusugua, inang'oka na kupanda mapafuni. Nyinyi watu wa vijijini mtaacha lini ujinga wenu?"

Wodi nzima iligeuka kututazama. Bibi alijifuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja, bila haraka.

"Jana nilikufuata pale kwenye meza yenu ya wauguzi, mwanangu, nikakwambia mguu mmoja umevimba," akasema. "Ulikuwa unakula kenke. Hata macho hukuinua."

Nikatazama mlangoni. Daktari alikuwa ameshaingia.

"Ukaniambia, 'Msugue basi, si ndiyo kazi mnayoiweza.'"