Profesa Chaki Aingia Mtandaoni

Somo la tatu lilikuwa limepotea tena.

Profesa Chaki, aliyepewa jina hilo na wanafunzi kwa sababu koti lake lilikuwa na vumbi jeupe mwaka mzima, aliichapa meza ya sebuleni kofi. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Ikifika saa sita, masomo manne ya udongo yawe yamekaa kwenye mfumo wa chuo, la sivyo kozi aliyoifundisha miaka ishirini na sita inahamia kwa yule mwalimu kijana waliyemwita Slaidi. Na huyo Slaidi alikuwa mwanafunzi wake. Mtihani wa udongo aliurudia mara mbili!

"Mama watoto!" akaita kuelekea chumbani. "Wameniibia tena!"

"Nina kazi!" mkewe akajibu nyuma ya mlango.

Kazi gani tena, na vyombo vimeshaoshwa? Labda aliwahi kuelezwa. Maneno ya mkewe huwa anayaitikia "hmm" mpaka yaishe.

Akafungua kidirisha cha msaada cha mfumo wa chuo, ambako mtu aliyejulikana kama Msaidizi tu huwajibu walimu, akaandika kwa kidole kimoja: "Somo la tatu limeibwa. Namshuku Slaidi."

"Habari za asubuhi, Profesa," Msaidizi akajibu. "Hakuna mwizi. Kila ukimaliza kupakia somo, unabonyeza 'Futa'. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimemaliza! Mwalimu mstaarabu hamwachii mwenzake ubao mchafu."

Chumbani kikasikika kicheko, kile cha kuzibwa kwa kiganja. Yuko kwenye simu na dada yake, Profesa akawaza, na mtu mzima huku anazama.

"Profesa, hapa hakuna ubao. Pakia tena, bonyeza 'Hifadhi', halafu ikalie mikono yako."

Akapakia. Akahifadhi. Akaikalia mikono. Somo likabaki pale pale, zima, kama mgeni aliyekubali kulala. Profesa nusura alie.

"Una subira ya ajabu," akaandika. "Ningempata mtu kama wewe miaka thelathini iliyopita, leo ningekuwa mkuu wa chuo. Mke wangu mimi, hata rimoti inamshinda."

Vile vinukta vitatu vya mtu anayeandika vikacheza, vikapotea, vikacheza tena.

"Pole sana," Msaidizi akaandika hatimaye. "Kuna tatizo limejitokeza ghafla. Itabidi urudie lile jaribio la kompyuta wanalofanya walimu kabla ya kupakia. Maswali arobaini, kuanzia la kwanza."

"Yote? Si nilifaulu jana!"

"Yote. Na ukikosa moja, unaanza upya."

Akayarudia, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Kipanya ni nini. Nywila ni nini. Swali la thelathini na nane akalikosa, akaanza upya, akamtukana Slaidi na ukoo wake mzima kwa sauti ya juu. Akamaliza. Akapakia somo la nne, kidole kikaelekea tena kwenye "Futa", akakirudisha kwa mkono wa pili. "Hifadhi".

Saa sita kasoro dakika tatu alama ya kijani ikawaka: masomo manne yamepokelewa. Kozi imebaki kuwa yake.

Profesa akaruka, akakata kiuno, akagonga goti kwenye meza, akaendelea kucheza kwa mguu mmoja.

"Tumeshinda!" akaandika. "Slaidi akaufundishe ukuta! Wewe nakuombea dua kila nikiamka. Sasa la mwisho, halafu nikuache upumzike. Wanasema kuna na cheti. Nakipakuaje?"

Vinukta vikacheza kwa muda mrefu.

"Leo jipakulie mwenyewe, baba watoto. Sufuria iko jikoni."