Vitabu vya Kuazima

Vitabu vya kozi mpya ya uuguzi viliwasili asubuhi, vyote vya chuo kingine.

"Mkaguzi akishatupitisha, tunavirudisha," mkuu wa kitivo alimwambia Mwanvita, mkutubi. "Kwani kwenu Mkuyuni hamwazimi masufuria ya shughuli?"

"Shughuli ni ya siku moja, mkuu. Hawa wanafunzi watasoma miaka minne. Watasoma nini?"

"Kazi unaitaka au huitaki?"

Mkaguzi, mama wa makamo, aliingia akasifu rafu zilivyojaa. Mkuu alicheka mpaka magego yakaonekana.

Mwanvita alichomoa kitabu kinene. Ubavuni mwa kurasa ulikolea muhuri mwekundu wa wenye mali. Mkuu alimkazia macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Shikamoo, mama," Mwanvita alisema, akamkabidhi kitabu, muhuri ukiwa upande wake. "Anzia hapa."